Siku Yalipokatika Maji ya Joka

Kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kuyapima. Ukiisema hivyo haionekani kazi ya kutisha, na mamangu, Mungu amrehemu, mpaka mwisho wa umri wake alikuwa akiwaambia majirani zetu wa Ibra, Oman, kwamba mwanawe Salma ameajiriwa Nizwa kuosha chupa. Hakukosea sana. Siku yangu ya mwanzo maabara niliosha chupa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na siku ya pili nikaambiwa nizioshe upya kwa sababu nilizifuta kwa kitambaa. Chupa ya sampuli haifutwi, inaachwa ikauke yenyewe. Nyinyi mliobaki pale maabara baada yangu mmeshanisikia nikilisema hilo mpaka masikio yakakuumeni.

Lakini mlikuwa mkiniuliza jambo jingine, nami nikilikwepa. Mlitaka kujua kwa nini nilikukatazeni kushuka peke yenu kwenye maji, hata kijito kisichofika magoti, na kwa nini mvua ikinyesha mahali popote karibu na Jabali Akhdar nilikuwa nikipiga simu kuwatafuta waliotoka. Mlisema Bi Salma mwoga. Ni kweli, mimi mwoga. Sikupata kukusimulieni woga huo umetoka wapi kwa sababu khabari yenyewe si yangu peke yangu, ni ya Thuraya pia, na kila nilipoianza alikuwa akinitazama nikanyamaza. Safari hii nimemwomba ruhusa, akanipa.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Nasor. Alizaliwa Unguja mjini kama mimi, ila yeye aliondoka kijana mwenye ndevu na mimi niliondoka nimebebwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wetu, kimepangwa kama vyombo kabatini, na Kiarabu chake watu wa Nizwa walikuwa wakikicheka mbele ya uso wake. Kipimajoto alikitia ndani ya soksi ili kisivunjike garini, na soksi ile nadhani haikufuliwa tangu iliponunuliwa. Alikuwa hanywi maji asiyoyapima mwenyewe, hata harusini, jambo lililomgombanisha na jamaa zake wengi. Kutoka kwake nilijifunza kusuuza chupa kwa maji yale yale yanayotekwa, kuandika jina la mahali kabla ya kuteka na si baada yake, na kusimama uso ukielekea juu maji yanakotoka.

Hili la mwisho nililidhania ni tabia yake tu, mpaka siku moja karibu na Birkat al Mauz. Tulikuwa tumeshuka kwenye wadi, bonde la mawe ambalo karibu mwaka mzima huwa kavu, tukiteka maji ya vidimbwi vilivyobakia. Mbingu juu yetu haikuwa na hata kiwingu. Bwana Nasor alinyanyua kichwa, akanusa, akaniambia niache kila kitu nipande. Mimi nikaona vibaya kuacha sanduku la barafu lenye sampuli za asubuhi nzima, nikainama kulichukua. Alinikamata mtandio wangu kwa nyuma akanikokota kama mbuzi. Tulipofika juu ya ukingo nikasikia mngurumo, kisha maji ya rangi ya chai ya maziwa yakapita pale pale niliposimama, yamebeba mtende mzima na mbuzi mmoja aliyekuwa bado anaogelea, kichwa juu, macho wazi. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, mbali na macho yetu. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilimwota mbuzi yule, na kila nikimwota alikuwa akinitazama mimi.

Katikati ya miaka ya tisini akaletwa kwetu mtaalamu wa maji kutoka Japani, Bwana Morita. Alikaa na sisi kiasi cha kujifunza Kiarabu cha Nizwa na kuharibu meno kwa halwa. Alipokaribia kurudi kwao alipanga watu wawili kutoka maabara wende wakasome huko muda mfupi. Nikachaguliwa mimi na Thuraya.

Thuraya alikuwa msichana bado, amezaliwa Sur, wazazi wake wametoka Tabora. Kiswahili alikifahamu chote lakini alikisema kwa kukikata kata, "hii maji", "ile watu", na akikwama anamalizia kwa Kiarabu. Aliniita Khala, kama wanavyomwita mama mdogo, na mimi nilimhisabu mwanangu. Mume wangu alikubali safari kwa sharti tuwe wawili, na mamake Thuraya alikubali kwa sharti mmoja wao niwe mimi. Siku tunaondoka yule mama alinishika mikono miwili akaniambia, "Bi Salma, nakupa amana." Hakusema zaidi ya hapo. Afadhali angesema zaidi, kwa sababu neno lile nililibeba njia nzima kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

Masomo yenyewe sina la kuyaeleza. Maabara ni maabara popote. Mvua ndiyo iliyonishinda. Kwetu mvua ni tukio, watu hutoka nje kuitazama. Kule ilinyesha kutwa kucha, wiki baada ya wiki, na wenyewe wanafungua miavuli wanakwenda zao. Nilikuwa nalala naota mbuzi.

Masomo yalipokaribia kumalizika Bwana Morita akatuchukua kwa gari mpaka wilaya aliyozaliwa, mbali na miji, akatuonyeshe chemchemi ambayo alitaka tuipime kwa mkono wetu. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Njiani akatueleza kwamba chemchemi iko ndani ya uwanja wa hekalu la dini yao ya zamani, Shinto, na kwamba mwenye hekalu lile ni joka. Wanakijiji wanasema joka limelala ndani ya mlima, na maji ya chemchemi yanatoka kinywani mwake. Hulipelekea mchele, pombe na mayai mabichi ili liendelee kuwapa maji na lisigeuke usingizini. Alieleza yote haya kwa sauti ile ile aliyokuwa akitufundishia kupima chumvi.

Thuraya akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kwamba yeye pahala pa sanamu haingii. Nikamwambia haina haja aingie. Mimi mwenyewe niliogopa, na nilichokiogopa si joka, ni mayai. Bibi yangu aliyetulea Ibra alikuwa akitusimulia pango moja la Unguja ambako watu walipeleka mayai na marashi kwa wasioonekana. Mtoto wa mtaani kwao alichukua yai moja akalila. Bibi hakuwa akituambia lililompata mtoto yule. Alikuwa akifika hapo ananyamaza, anaendelea kuchambua mchele wake, na sisi tunabaki na giza letu.

Kijiji kilikuwa kwenye bonde jembamba, nyumba chache za wazee, misonobari mirefu pande mbili imezuia jua. Katikati kilipita kijito kinachoteremka kutoka kwenye chemchemi ile, kinapiga kelele za mvua za siku zilizopita. Bwana Morita aliegesha gari karibu na kijito, na mbele yetu likasimama lango la miti miwili iliyopakwa rangi nyekundu, limefungwa kamba nene ya mabua yenye vipande vya karatasi nyeupe. Nyuma yake ngazi za mawe zilipanda mpaka mitini na kupotelea huko. Hapakuwa na mtu.

Kisha akateremka mzee mmoja mfupi, amevaa nguo nyeupe, mkononi ana fimbo. Jina lake Hideo, na yeye ndiye aliyekuwa akilitunza hekalu, kama babake kabla yake. Hakutuamkia. Alimtazama Bwana Morita, akatazama kijito, akasema maneno machache. Bwana Morita akajibu kwa kucheka kidogo na kuinamisha kichwa. Mzee hakucheka. Akanitazama mimi na buibui langu, akamtazama Thuraya, akasema tena lile lile, kwa nguvu zaidi. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kwamba hatutakiwi pale.

Thuraya akasema, "Khala, huyu hapendi sisi. Mimi nasali huko chini, halafu nangoja kwenye gari." Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Nilimwona anachutama kijitoni kutia udhu, na maji yanampita mikononi kwa kasi. Akatafuta kibao cha jiwe bapa ukingoni, akatandika shuka yake. Nikaridhika, nikapanda ngazi nyuma ya Bwana Morita.

Ngazi zilikuwa na kuvu linaloteleza, na kila nilivyopanda kelele za kijito zilififia nyuma, na hewa ikazidi baridi. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Juu palikuwa na kijumba cha mbao nyeusi, na pembeni yake chemchemi. Joka lenyewe lilikuwa la mbao, limejizungusha kwenye nguzo, makucha yamekamata ukingo, na kinywa wazi. Maji yalitoka humo kinywani. Chini yake pana sahani, na ndani ya sahani mayai, meupe, yamepangwa.

Nikarudi nyuma hatua mbili. Bwana Morita aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia sina kitu, nikatoa chupa, nikaandika jina la mahali kama nilivyofundishwa, na herufi zikatoka kama za mtoto wa skuli. Ili kuteka ilibidi niutie mkono mpaka kwenye meno ya joka. Nilifumba macho nikautia huku nikisoma. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma. Nilipoinua chupa kwenye mwanga niliona si safi. Yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele.

Bwana Morita aliichukua chupa ile akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Uso wake ukabadilika. Akaniambia nishuke, nimchukue Thuraya tukakae garini, yeye anakwenda nyuma ya hekalu kwenye chanzo chenyewe kutazama kitu. Nilimuuliza kitu gani. Akasema, "Shuka tu, Salma," kwa Kiarabu, na kabla ya hapo hakuwahi kuniita bila ya "Bi".

Nikaanza kushuka. Nusu ya ngazi nikahisi kuna kitu kimenipungukia, na sikujua ni nini. Niligusa mkoba, niligusa mtandio, vyote vipo. Nikaendelea. Nilipotokeza kwenye lango nikaona milango ya nyumba zote iko wazi na hapana mtu ndani, na kwenye nyumba moja birika linatoa mvuke kwenye jiko. Halafu nikamwona Mzee Hideo. Alikuwa anakimbia kuelekea kwa Thuraya, fimbo juu, anapiga kelele.

Thuraya yuko bado kwenye sala, maana yeye akisali hana haraka. Mgongo wake umenyooka, hakugeuka. Anayesali hageuki, na nilijua hata akisikia atadhani anafukuzwa kwa kumsalia Mungu wake kwenye ardhi ya joka, na atazidi kushikilia. Mimi nilidhani hivyo hivyo. Nilikimbia nikajitia kati yao, nikatanua mikono. Nilimwambia yule mzee kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, kwa kila lugha niliyonayo, kwamba huyu ni mtoto, anamaliza sasa hivi, tunaondoka. Fimbo ilikuwa juu ya kichwa changu. Nilikuwa nangoja kupigwa.

Hakunipiga. Aliitupa fimbo, akanikamata kifundo cha mkono, na kwa nguvu ambazo sikumdhania mzee kama yule akanivuta chini mpaka nikapiga magoti, akaukandamiza mkono wangu kwenye kijito.

Niligusa mawe. Yalikuwa yamerowa, yana baridi, na juu yake hapakuwa na maji.

Hapo ndipo nilipojua ni nini kilichonipungukia ngazini. Zile kelele za kijito zilikuwa zimekwisha. Kijito kilichokuwa kimejaa, Thuraya ametia udhu humo muda ule ule, kilikuwa kimekatika kama mtu amefunga mfereji wa bomba. Bonde zima lilikuwa kimya. Hata ndege hakuna. Mzee alinitazama usoni, akanyoosha kidole mlimani, na macho yake hayakuwa na hasira hata chembe. Yalikuwa na khofu kama yangu.

Thuraya alikuwa amesujudu. Nakwambieni nyinyi mnaosali, mkono wangu ulisita. Nilikuwa sijapata maishani mwangu kumgusa mtu aliyesujudu ila kwa upole. Kisha nikamkamata kwapani nikamnyanyua, paji lake la uso lina mchanga.

"Sijamaliza," akasema. Alijivuta arudi chini. "Khala, sijamaliza!"

Nikamwambia, "Maji yamekatika."

Mzee alishika mkono mmoja na mimi mwingine, tukamkimbiza. Gari lilikuwa karibu na mimi nilielekea kwenye gari. Mzee akanikataza kwa kunisukuma, akatupitisha kando ya kijito mpaka upande wa pili, kwenye njia nyembamba inayopanda baina ya michai. Buibui lilinasa likachanika. Sikutazama nyuma. Nilimsikia Thuraya anaanza kulia, kisha akaacha kulia kwa sababu pumzi haikutosha.

Tulipofika kwenye kilima chenye makaburi yao tukawakuta wanakijiji wote, wazee watupu, wamekaa chini na vifurushi vyao kama watu waliongoja basi. Walikuwa wamekwisha ondoka tangu sisi tukipanda ngazi. Wao wanajua: maji ya joka yakibadilika rangi mtu huchukua blanketi, yakikatika huacha kila kitu. Ndivyo walivyoambiwa na wazee wao. Yule mzee alikuwa amemwambia Bwana Morita pale pale tulipofika kwamba tusikae, na Bwana Morita akamjibu hatutachelewa.

Mlima ulianza kwa harufu. Ilikuja harufu ya udongo uliofunguliwa na miti mibichi iliyopasuliwa, kali, kabla sijasikia lolote. Halafu sauti, kama lori linalomwaga kokoto, ila halimalizi kumwaga. Misonobari iliyo juu ya hekalu ikaanza kwenda. Haikuanguka. Ilikwenda imesimama, safu nzima, inateremka kama watu wanaotoka msikitini. Niliona lile lango jekundu likisogea nalo, limesimama wima, likapita mahali lilipokuwa gari, likaendelea kidogo, kisha likainama likapotea. Ukingo aliosalia Thuraya, kijito, jiwe, nyumba mbili za mwanzo, vyote vilifunikwa kabla sijamaliza kutamka shahada.

Hapana aliyepiga kelele. Ajuza mmoja karibu yangu aliziba masikio na kufumba macho, basi.

Thuraya alinishika mkono akaniuliza, "Bwana Morita yuko wapi?"

Huo ndio muda niliouogopa kuliko wote, kuliko hata kule kukimbia. Tulikaa pale makaburini, mvua ikaanza tena, na mlima ukawa unanguruma vipande vipande. Kila ukinguruma wote tunasimama, ukinyamaza wote tunakaa. Mzee Hideo alikuwa anawahisabu watu wake kwa kidole, akimaliza anaanza upya, na kila mara alikuwa akinyanyua kidole kimoja cha ziada kuelekea kule juu. Nilimfikiria mkewe Bwana Morita, nikafikiria nani atampa khabari na kwa lugha gani. Nilifikiria pia lile neno amana, na kwamba nilikuwa nimekaribia mno kulimwaga.

Bwana Morita alitokea alasiri kutoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, ametembea juu ya mgongo wa mlima, kiatu kimoja hana, uso wote udongo isipokuwa macho. Alikuwa amekuta chanzo kimekauka na ardhi nyuma ya hekalu imepasuka ufa, akajua hawahi kushuka, akapanda. Alipofika aliinama mbele ya Mzee Hideo mpaka paji la uso likagusa majani, akabaki hivyo. Mzee alimpiga bega mara moja, kama unavyompiga ng'ombe aondoke njiani, akenda zake.

Tulipelekwa kwenye ukumbi wa skuli ya kijiji cha jirani. Hakufa mtu. Bwana Morita, kwa sauti iliyokauka, akatueleza ya kitaalamu: mvua za wiki nyingi zilikuwa zimeingia ndani ya mlima, udongo ukasogea ukaziba njia ya maji, maji yakakosa pa kutokea yakausukuma mlima wenyewe kutoka ndani. Ndiyo ukungu kwanza, ndiyo kukatika baadaye. Nilimsikiliza na nikaamini kila neno, na hata hivyo nilipofumba macho niliona joka likigeuka. Siamini majoka. Nasema nilichokiona.

Thuraya alikuwa amekaa pembeni amejikunja. Paji lake bado lina mchanga. Nilidhani ni mshtuko. Nilipomkaribia akaninong'oneza kwamba hajui afanye nini, ameikata sala yake katikati, na kama angekufa pale angekufa hivyo.

Kabla sijamjibu akaja Mzee Hideo. Alikuwa amebadilisha nguo, amevaa fulana aliyopewa na mtu, kubwa kwake. Kwapani amekunja jamvi jipya la mabua. Alilitandika sakafuni mbele ya Thuraya, akalinyoosha pembe kwa kiganja, akamwambia Bwana Morita maneno, kisha akanyanyua mkono akauzungusha huku na huku, kuuliza.

Bwana Morita akatafsiri. "Anasema alimkatiza dada huyu alipokuwa na Mungu wake, na anaomba radhi. Anauliza mnaelekea upande gani. Anasema amalize."

Thuraya alijifuta mchanga wa paji la uso. Kisha akanyanyuka, akatafuta mfereji, akatia udhu upya. Bwana Morita alitwambia magharibi iko wapi, kuliko kibla kwa watu wa huko, mzee akaligeuza jamvi lenyewe kwa mikono yake, akatupa mgongo, akakaa mlangoni ili watoto wasipite mbele. Thuraya akasali. Nje mlima ulikuwa bado unanguruma, na kila ukinguruma niliuona mgongo wake ukitikisika, lakini safari hii hapana aliyemgusa.

Tuliporudi Oman nilimkabidhi Thuraya kwa mamake, Sur, na nusu ya yaliyotokea hatukuyasema. Bwana Nasor nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, akauliza kama ile chupa ya mwisho niliiandika jina la mahali. Nikamwambia niliiandika, ila imebaki huko chini ya mlima. Akasema basi vizuri, atakayeifukua atajua. Halafu akaenda dirishani, na nilimwona anajifuta macho kwa ile soksi.

Woga haukuondoka. Mlinicheka nilipokuwa nikikimbia kutoka ofisini lori la kokoto likimwaga mzigo nje, sasa mnajua. Wadi Bani Khalid nilikuwa nikifika, watu wanaogelea, watalii wanapiga picha, na mimi nimesimama nasikiliza. Ndipo nilipoanza ule utaratibu kwamba hakuna anayeshuka peke yake, na mmoja lazima abaki juu, hateki, hapimi, kazi yake kutazama na kusikiliza. Mliniambia ni kupoteza mtu. Msiuache.

Thuraya yeye aliendelea na kazi, na akaja kuwa hodari kunipita. Lakini tangu siku ile akisali mahali pa nje hufungua mfereji au hukaa mahali anaposikia maji, na asiposikia huharakisha. Alimuuliza shekhe mmoja wa Ibra kuhusu sala ile, akajibiwa kwamba aliyeikata kuokoa roho hana kosa. Hilo lilimtuliza upande mmoja.

Upande wa pili ulitoka miaka mingi baadaye, miaka ya elfu mbili, Bwana Morita alipokuja Nizwa kututembelea, mvi kichwa kizima. Tulimwekea halwa na kahawa maabara. Akatueleza kwamba kijiji hakikujengwa tena pale, kwamba maji yametoka upya upande wa pili wa kilima, safi kabisa, na kwamba Mzee Hideo amefariki msimu wa baridi uliopita, usingizini, nyumbani kwa mwanawe.

Thuraya akasema, "Allah amrehemu." Halafu akajishika mdomo.

Alinigeukia akaniuliza kwa Kiswahili, ili mgeni asielewe. "Khala, yule si Muislamu. Mimi naweza kumuombea?"

Nikamwambia mimi si shekhe, amuulize yule wa Ibra.

"Shekhe hakuwepo pale," akasema.

Nikamtilia kahawa, asiinywe. Akakaa kidogo anaizungusha pete yake kidoleni. Kisha akanyanyuka, akaingia chumba cha sala, akafunga mlango, na haikuwa saa ya sala yoyote. Bwana Morita aliniuliza kwa sauti ndogo kama amemuudhi kwa khabari ile. Nikamwambia hapana. Akaweka kikombe chake chini, akakaa kumngoja, na mimi nikakaa naye.